Mlango wa Kutokea: Namna ya Kununua Mfumo wa Kompyuta Bila Kunaswa na Muuzaji

Watu wa rika langu wanaikumbuka chaja ya kobe. Miaka ile kila kampuni ya simu ilikuwa na tundu lake. Nokia ilikuwa na pini nene, baadaye ikaja na pini nyembamba. Samsung ilikuwa na mdomo wake mpana, Motorola wake, Siemens wake. Mwenye kibanda cha kuchajia simu alining'iniza shada la nyaya za kila aina, na bado ungeweza kufika na simu yako akakwambia ya kwako hana. Kobe ndiye aliyetuokoa. Unafungua simu, unatoa betri, unaibana, unasogeza vile vijino viwili mpaka viguse vyuma vya betri, taa inawaka. Kobe hakuuliza simu imetengenezwa na nani, kwa sababu hakupita kwenye tundu kabisa.

Siku hizi shida hiyo imekwisha. Vipimo vya tundu la USB-C vimechapishwa hadharani, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kisheria kuwa nalo. Apple, iliyokuwa na tundu lake la peke yake tangu 2012, ililiacha kwenye iPhone 15 mwaka 2023. Ukienda Kariakoo leo unakuta chaja za kila bei na kila jina, zote zinaingia kwenye simu ileile. Nyingine ni mbovu, ndiyo. Kiwango kuwa wazi hakumzuii mtu kutengeneza kitu kibovu. Lakini ukiuziwa mbovu unakwenda duka la pili, na simu yako huibadilishi.

Ninawaandikia watu wanaonunua mifumo ya kompyuta bila kuwa wataalamu wa kompyuta: mhasibu wa SACCOS, mkuu wa shule, mganga mwenye zahanati, katibu wa chama cha wakulima. Kwenye mifumo hiyo wengi wetu bado tuko enzi ya pini nene na pini nyembamba, na kobe hatuna.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ndogo ya TEHAMA katika SACCOS ya wafanyakazi. Tulinunua mfumo wa kutunza hisa, akiba na mikopo. Ulifanya kazi vizuri, na fundi wao alikuwa kijana muungwana, anapokea simu hata Jumapili. Mwaka wa tatu ada ya matengenezo ikapanda karibu mara mbili. Tukauliza, tukajibiwa kuwa hiyo ndiyo bei mpya. Tukatafuta muuzaji mwingine, akapatikana, na swali lake la kwanza lilikuwa: data zenu mtanipa kwa njia gani? Tukamwandikia yule wa kwanza. Akatuletea flashi iliyojaa PDF, taarifa ya kila mwanachama peke yake, kurasa kwa maelfu. Makarani wawili walikaa miezi minne wakichapa upya kilichokuwa tayari kimechapwa, na mwisho wake wanachama kumi na mmoja bado walikuwa na salio lisilolingana na vitabu vyao. Hakuna aliyetuibia. Mkataba tuliusaini wenyewe, na ndani yake hapakuwa na neno hata moja kuhusu siku ya kuachana.

Tangu siku hizo, nikiitwa kushauri, bei ninaiuliza mwisho. Ninaanza na mlango wa kutokea.

Mambo mawili yanayochanganywa

Ukianza kuulizia utasikia maneno mawili, programu huria na viwango huria, na wauzaji wengi huyatamka kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu viwili, na asiyevitofautisha hulipa.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya mwandishi wa programu, umewekwa wazi pamoja na leseni inayokuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma, kuirekebisha na kumgawia mwingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye programu wala kumthibitishia kwamba wasemaji wa Kiswahili ni soko linalolipa. Leseni ilikuwa imeshawaruhusu.

Kiwango huria ni maelezo yaliyochapishwa ya namna data zinavyoandikwa, au namna mashine mbili zinavyozungumza, na yeyote anaweza kuyafuata. Barua pepe ni mfano mzuri. Mtu wa Gmail anamwandikia mtu wa Yahoo na barua inafika, kwa sababu kanuni za kupokezana barua hizo zilichapishwa mwaka 1982 na kila mmoja anazifuata. Sasa linganisha na WhatsApp. Huku kwetu mtu wa WhatsApp hawezi kumwandikia mtu wa Telegram akiwa ndani ya WhatsApp yake. Ndiyo maana hata asiyeipenda anabaki nayo: kundi la ukoo liko humo, la harusi liko humo, la wazazi wa shule liko humo.

Programu iliyofungwa inaweza kufuata kiwango cha wazi. Microsoft Word inafungua na kuhifadhi nyaraka za ODF, muundo uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Na programu huria inaweza kutunza data kwa mtindo ambao hakuna aliyewahi kuueleza popote, ukajikuta umenaswa na fundi mmoja tu aliyeuelewa.

Wenye simu mpya za Huawei walilionja jambo hili. Msimbo wa Android uko wazi. Serikali ya Marekani ilipoibana Huawei mwaka 2019, kampuni hiyo iliweza kuendelea na msimbo huo bila kumwomba mtu. Lakini Play Store na zile huduma za Google ambazo programu nyingi huzitegemea hazimo ndani ya msimbo huo wazi. Watu wakanunua simu nzuri zisizo na duka walilolizoea. Mwaka mmoja kabla, Tume ya Ulaya ilikuwa imeitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa masharti iliyowawekea watengenezaji wa simu za Android, faini ambayo mahakama iliipunguza kidogo mwaka 2022. Kwa hiyo msimbo kuwa wazi si dawa ya kila kitu. Mimi nikilazimishwa kuchagua kimoja, nachukua data zilizo katika muundo wa wazi, hata kama programu yenyewe imefungwa.

Kwa nini wauzaji hawapendi

Muuzaji mkubwa hana haja ya kumpiga mwenzake marufuku. Inatosha asimwambie mashine zake zinazungumzaje. Mwaka 1992 Andrew Tridgell, huko Canberra, Australia, alianza kuandika programu ambayo leo inaitwa Samba, inayoziwezesha kompyuta za Linux na nyingine za aina yake kugawana mafaili na printa na kompyuta za Windows. Kwa miaka mingi yeye na wenzake walijifunza lugha ya Windows kwa kusikiliza tu kinachopita kwenye nyaya, kama mtu anayejifunza Kichina kwa kukaa nyuma ya mlango. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya lugha hiyo kwa washindani. Microsoft ilikwenda mahakamani, ikashindwa Septemba 2007, na Desemba mwaka huohuo watu wa Samba wakapata nyaraka kwa ada ya mara moja ya euro 10,000. Miaka kumi na mitano ya kubahatisha ikaisha kwa makabrasha.

Sisi wenyewe tumeliona kwenye pesa za simu. Zamani, Tanzania, ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine hazikuingia kwenye akaunti yake. Alipata ujumbe wenye namba, akaenda nayo kwa wakala kutoa taslimu. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana pesa ziingie moja kwa moja, Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kenya ilifika huko mwaka 2018. Hapo hapakuwa na msimbo huria hata kidogo. Palikuwa na kampuni zilizokubali mifumo yao isomane. Na malipo ya serikali ya Tanzania, tangu mfumo wa GePG ulipoanza mwaka 2017, yana namba moja ya malipo unayoweza kuilipia benki au kwa simu ya mtandao wowote uliounganishwa. Aliyewahi kupanga foleni kwenye benki moja tu iliyoteuliwa na ofisi fulani anaijua tofauti.

Neno hilo "isomane" ni zuri sana. Litumie. Mwulize muuzaji: mfumo wako unasomana na nini?

Jaribio la nusu siku

Hili ndilo ninalokuomba ulifanye hata kama mengine yote utayaacha.

Kabla ya kusaini, mwambie muuzaji akuwekee mfumo wa majaribio. Ingiza wanachama ishirini wa kubuni. Wawe wa kubuni kweli, maana Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na data za wanachama hai si za kuchezea kwenye kompyuta ya mtu. Usiwape majina mepesi. Mmoja mwite Ng'wandu, mwingine Nyang'oro, wa tatu awe na majina manne, wa nne umjue mwaka wa kuzaliwa tu. Majina mawili yafanane kabisa. Wawekee hisa, akiba, mtu mmoja mwenye mikopo miwili, marejesho yaliyochelewa, mdhamini aliyejitoa, na muamala uliokosewa ukafutwa. Kisha mwambie: nitolee vyote.

Sikiliza jibu. Akisema ripoti zote zinatoka kwa PDF, mshukuru kisha uendelee kuuliza. PDF ni nzuri kwa kusoma na kuchapa, na yenyewe ni kiwango cha kimataifa tangu 2008, lakini ni karatasi iliyo ndani ya kompyuta, na mfumo mwingine haulishwi karatasi. Akisema Excel, uliza kama ni muhtasari au ni miamala yote, mmoja mmoja. Unachotaka ni majedwali yote kwa CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, au nakala nzima ya hifadhidata pamoja na maelezo ya kila jedwali lina nini.

Weka mafaili hayo kwenye flashi, uende kwenye kompyuta isiyo na programu yake. Zima intaneti. Yafungue kwa LibreOffice Calc, ambayo unaipata bila malipo. Sasa kaa chini, kagua polepole.

Anza na namba za simu. Kama 0754 imekuwa 754, sifuri ya mbele imepotea. Mara nyingi kosa ni la namna ulivyofungua faili: kwenye lile dirisha linalotokea kabla ya kufungua, chagua safu ya simu uiambie ni maandishi, si namba. Lakini fungua pia faili hilohilo kwa Notepad. Sifuri ikiwa haipo hata huko, mfumo wenyewe ndio ulioila. Fanya vivyo hivyo kwa namba za kitambulisho cha taifa, yaani za NIDA. Zina tarakimu 20, na programu ya majedwali ikizichukua kama namba ya hesabu itazikata na kujaza sifuri mwishoni, na ukishahifadhi faili katika hali hiyo huzipati tena.

Nenda kwenye tarehe. 03/04/2025 ni tarehe tatu Aprili kwa mhasibu wetu, na ni tarehe nne Machi kwa mfumo uliopangwa Kimarekani. Kiwango cha kimataifa, ISO 8601, kinaandika 2025-04-03, mwaka ukitangulia. Mfumo unaotoa tarehe hivyo umekuepusha na ubishi wote. Na ubishi wenyewe si mdogo: tarehe ya rejesho ikigeuka, riba na adhabu za kuchelewa zinageuka nayo, na mwanachama atakuja ofisini na risiti mkononi.

Angalia majina. Ng'wandu akitoka na vialama vya ajabu katikati ya jina, maandishi hayatoki kwa UTF-8, kiwango cha kuandika herufi kwenye kompyuta, au yamechanganywa njiani. Ni kasoro inayorekebishika, ila irekebishwe sasa, kabla hamjasaini.

Kisha fungua jedwali la mikopo utafute namba ya mwanachama. Hapa wengi hupita haraka. Kama mkopo umeandikiwa jina tu, na wale wawili uliowafananisha majina wote wana mikopo, huwezi kujua upi ni wa nani, na data hizo hazihamishiki hata ziwe katika muundo mzuri kiasi gani. Kila mkopo, kila rejesho na kila mdhamini lazima vifungwe kwenye namba ya uanachama isiyobadilika. Tafuta na ule muamala uliofutwa. Mfumo unaoaminika unaonyesha uliingizwa lini, ukafutwa lini, na nani. Mfumo unaoufanya utoweke bila alama usiulete karibu na pesa za watu.

Mwisho, chukua mwanachama mmoja, jumlisha miamala yake kwa kikokotoo, uone kama unafika kwenye salio lililoandikwa. Wale wenzetu kumi na mmoja walitokea hapo. Mfumo ulikuwa ukifunga mwaka unabeba salio na kuiacha miamala ya nyuma, kwa hiyo kosa la mwaka wa kwanza liligeuka kuwa ukweli wa mwaka wa tatu, na hapakuwa na pa kulifuatilia.

Kazi yote hiyo inachukua asubuhi moja, pengine na mchana kidogo. Nimewahi kuona muuzaji aliyekuwa na maneno matamu akishindwa kutoa hata jedwali moja. Nimeona pia kijana mwenye kampuni ndogo ya watu watatu aliyekabidhi kila kitu kwa dakika kumi, na maelezo ya majedwali ameyaandika kwa Kiswahili. Huyo wa pili nilimpigia kura bila kusita.

Maneno ya kwenye mkataba

Ukiandika tangazo la zabuni, eleza kazi na muundo wa data, usitaje jina la bidhaa. Ukitaja bidhaa umeshachagua muuzaji kabla wengine hawajafungua midomo. Halafu mwanasheria wenu apange kwa lugha yake, lakini kiini kiwe hiki:

"Data zote zinazoingizwa kwenye mfumo ni mali ya chama. Mtoa huduma atakabidhi nakala kamili ya data hizo, kwa muundo wa CSV au nakala ya hifadhidata, pamoja na maelezo ya majedwali, kila mwisho wa mwezi na wakati wowote chama kitakapoomba, ndani ya siku saba, bila malipo ya ziada. Mkataba ukikoma kwa sababu yoyote, ikiwemo mgogoro wa malipo, mtoa huduma atakabidhi nakala ya mwisho na atasaidia uhamishaji kwa siku sitini."

Maneno "ikiwemo mgogoro wa malipo" usikubali yaondolewe. Watu hawaachani kwa amani kila mara, na mkigombana juu ya ankara ndipo data zinapowekwa rehani.

Jina la tovuti, liwe la .co.tz au .co.ke, lisajiliwe kwa jina la taasisi, na barua pepe ya usajili iwe ya ofisi. Kuna shule ninayoijua ililazimika kuanza na jina jipya kwa sababu fundi aliyesajili la kwanza kwa jina lake alihama mji na simu yake haikupatikana tena. Nywila ya msimamizi mkuu wa mfumo iandikwe, itiwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe na kuwekwa kwenye sefu.

Msomaji wa Kenya ajue pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupewa taarifa zake katika muundo unaosomeka na mashine. Haki hiyo ni ya mwanachama binafsi. Chama chenyewe kinalindwa na mkataba wake.

Ukiletewa programu huria

Kwa SACCOS na taasisi ndogo za mikopo iko Apache Fineract, iliyotokana na Mifos ya Grameen Foundation. Kwa taarifa za afya iko DHIS2, iliyoota mizizi Afrika Kusini baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi na sasa inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliitandaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo inaitumia. Kwa rekodi za wagonjwa iko OpenMRS, ambayo Eldoret ilikuwa miongoni mwa mahali ilipoanzia kazi. Hizi ni programu zilizokomaa, zimebeba kazi kubwa.

Lakini usiende kwenye bodi ukasema ni za bure. Leseni haina bei. Seva ina bei, kuisimika kuna bei, kufundisha watumishi kuna bei, nakala rudufu na umeme wa akiba vina bei, na fundi anakula kama wewe. Anayekuahidi gharama sifuri hajawahi kuendesha mfumo mwaka mzima.

Faida yake iko kwingine. Kwenye programu iliyofungwa muuzaji ni mmoja na fundi ni wake. Kwenye programu huria fundi yeyote aliyejifunza anaweza kuihudumia, kwa hiyo wanaoshindana ni mafundi, na wewe unabaki na mfumo wako. Hapo ndipo penye kipimo changu cha kwanza: nioneshe mafundi wawili wasiojuana, walio nchini au jirani, wanaoweza kuihudumia hii. DHIS2 inakipita kipimo hicho bila shida kwa sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha watu wake kwa miaka mingi. Programu ambayo nchi nzima inajulikana na mtu mmoja, hata leseni yake iwe huria namna gani, kwako imefungwa.

Uliza pia nani ana uwezo wa kubadilisha leseni kesho. Mradi ulio mikononi mwa kampuni moja unaweza kugeuka. Elastic ilibadilisha leseni ya Elasticsearch mwaka 2021, HashiCorp ya Terraform Agosti 2023, Redis Machi 2024. Kila mara wengine walichukua msimbo wa zamani, uliobaki huria, wakaendelea nao kwa jina jipya: OpenSearch, OpenTofu, Valkey. Na mwaka 2024 Elastic ikarudisha leseni huria pembeni ya zile nyingine, Redis nayo ikafanya hivyo 2025. Nionavyo mimi, wasingerudi kama hapangekuwa na mwingine wa kukimbiliwa. Ila waliouchukua msimbo huo walikuwa makampuni yenye wahandisi wa kutosha. Programu ndogo ya kusimamia ada za shule ikifungwa, hakuna kampuni kama Amazon itakayokuja kuiokoa. Kwa hiyo kwa taasisi ndogo ninapendelea mradi ulio chini ya wakfu au chuo, wenye washiriki wengi.

Kuna mtego mwingine ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha, nao huwanasa hata waliofanya yote niliyoyasema. Fundi anakuja, anaisimika Fineract au OpenMRS, kisha anairekebisha ndani kwa ndani ili ifanane na taratibu zenu: fomu hii, ripoti ile, hesabu ya riba kwa mtindo wa chama chenu. Mnafurahi. Mwaka unaofuata toleo jipya linatoka lenye marekebisho ya usalama, na nyinyi hamwezi kulichukua, kwa sababu litafuta kazi yake au litagongana nayo. Mnabaki na toleo la peke yenu duniani, linalojulikana na fundi mmoja. Mmeingia huria, mmeishia kunaswa. Kinga yake ni ya aina mbili. Kwanza, badilisheni taratibu zenu ndogondogo kabla ya kubadilisha programu. Fomu ya ukurasa mmoja inaweza kuzoeleka. Pili, marekebisho ambayo hayaepukiki yafanywe kama kiongezi kilicho nje ya msimbo mkuu, au fundi ayapeleke kwenye mradi wenyewe ili yaingie kwenye toleo la wote. Liandikeni hilo kwenye mkataba wake, na msimbo wa kila alichokifanya ukabidhiwe kwenu kabla ya malipo ya mwisho.

Kama umeshanunua

Wengi mnaosoma hapa mna mfumo tayari, na mkataba ulisainiwa zamani na watu ambao pengine hawapo tena ofisini. Usivunje kitu. Mwandikie mtoa huduma wenu barua ya mistari mitatu wiki hii: tunaomba nakala kamili ya data zetu, majedwali yote na miamala yote, kwa CSV, pamoja na maelezo yake, ndani ya siku saba. Akileta, zifungue kama nilivyoeleza, tafuta sifuri za mbele, tarehe na namba za uanachama, kisha tunza nakala mbili zilizofungwa kwa nywila, moja nje ya jengo la ofisi. Asipoleta, ipeleke barua hiyo kwenye kikao kijacho cha bodi, kabla ya kulipa ada ya mwaka ujao.